Kabla hujamwita mshiriki wa kwanza, kaa wewe kwenye kile kiti

Juzi kijana mmoja anayesoma masters ya saikolojia kanitumia meseji: "Shikamoo mwalimu, nataka kufanya risechi ya umakini wa macho na kumbukumbu kama wewe, nianze na mashine gani?" Nikaisoma mara tatu. Nianze na mashine gani! Marahaba mwanangu. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepata imeili kwamba pepa yangu imekubaliwa baada ya kurudishwa na majarida mawili, kwa hiyo nilikuwa na raha zangu, nikataka nimjibu kwa mbwembwe yaishe. Halafu nikakumbuka nilivyoumbuka mwaka wangu wa pili wa kufundisha, nikaona bora niandike hapa, maana najua wengi mnaosoma mnataka kilekile anachotaka yeye, pepa ya kwanza, jina lako mbele, na supavaiza anyamaze kidogo.

Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi. Mtu anakaa mbele ya skrini, vinatokea viboksi 8 vya rangi kwa milisekunde 100, skrini inabaki tupu milisekunde 900, halafu viboksi vinarudi, ama vilevile ama kimoja kimebadilika rangi. Anabonyeza kitufe cha "kimebadilika" au cha "hakijabadilika", basi. Ni staili ya watafiti Luck na Vogel ya mwaka 1997, na walichokipata kila anayefundisha somo hili anakijua, kwamba viboksi vikiwa 3 mtu hakosei sana, kuanzia 4 anaanza kuteleza, na ukizidi kuongeza anazidi kubahatisha. Kumbukumbu ya muda mfupi ya vitu tunavyoviona inabeba kama vitu vinne tu. (Msiichanganye na kumbukumbu ya muda mrefu ya picha, ile ni bahari. Mtafiti mmoja anaitwa Standing mwaka 1973 aliwaonyesha watu picha 10,000 na baadaye wakazitambua kwa zaidi ya asilimia 80. Kila muhula kuna mtu anazichanganya hizi mbili kwenye mtihani na kila muhula namkata maksi.)

Sasa mimi nikakusanya data za watu 36, kila mmoja majaribio 320, karibu miezi mitatu ya kubembeleza watu waje. Nafungua faili nakuta kiboksi kikibadilika wanasema kimebadilika asilimia 96, kisipobadilika wanasingizia asilimia 5 tu. Nikapiga ile hesabu ya kuondoa majibu ya kubahatisha, ikanipa zaidi ya vitu 7 na nusu kati ya 8. Saba na nusu! Dunia nzima inasema vinne, mimi nina saba na nusu. Ile siku sikulala. Nilishaanza kuandika utangulizi kichwani, nikamwambia hadi profesa mmoja mkubwa pale idarani kwamba nimepata kitu, akaniangalia tu akasema, "Kaiwasilishe kwenye semina tuone." Mimi nikadhani ananitia moyo.

Siku ya semina nikawawekea onyesho ukutani ili waelewe kabla ya grafu. Viboksi vikatokea, vikabadilika. Kijana wa mwaka wa kwanza, amekaa nyuma kabisa, sijui hata nani alimruhusu kuingia, akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, mbona kile kiboksi cha kushoto kinaruka?"

Nikamwambia hakiruki. Nikabonyeza tena. Kikaruka. Nikabonyeza tena, safari hii kikaruka cha juu, na ukumbi mzima ukaanza kucheka kidogo kidogo, kile kicheko cha watu wanaojizuia. Kumbe ile skrini tupu ya milisekunde 900 haikuwepo. Miezi mitatu nyuma nilikuwa nakagua kama vitufe vinafanya kazi, nikaona uvivu kusubiri, nikaandika 0 kwenye huo muda, nikasahau kurudisha. Picha ya kwanza ikawa inaungana na ya pili moja kwa moja. Na hapo kitu kikibadilika rangi ghafla wakati vingine vyote vimetulia, pale pahala panapepesa, na umakini unavutwa pale wenyewe bila kuuliza kumbukumbu chochote. Skrini tupu ipo kazini, inafanya picha nzima ipepese kwa mara moja ili mtu asijue aangalie wapi, abaki na alichokihifadhi kichwani tu. Mimi nilikuwa napima kama watu wana macho. Wanayo.

Yule profesa hakusema kitu, alifunga daftari lake taratibu na kutoka. Baadaye nikasikia amesema mahali fulani kwamba kuna mwalimu hapa anafundisha kutoona na yeye mwenyewe haoni. Imepita miaka, tumeshasalimiana mara mia, bado ile sentensi ninayo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba niliambiwa. Washiriki walikuwa wanatoka wanasema "dokta, jaribio lako rahisi sana," na mimi nafurahi nadhani wanasifu maelekezo yangu yalivyoandikwa vizuri. Jaribio la viboksi 8 halitakiwi kuwa rahisi! Mtu anatakiwa atoke ana uhakika amekosea nusu. Na ile 0 nimeipitia sijui mara ngapi, maana programu ile nilikuwa naifungua karibu kila siku. Kuna risechi moja ya 2013 ya Drew, Võ na Wolfe, waliwapa madaktari wa picha za mapafu wazoefu kabisa, 24, watafute vivimbe, wakachomeka picha ya sokwe humo ndani, mkubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Madaktari 20 hawakumwona, na kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha wengi wa hao 20 macho yao yalipita palepale kwenye sokwe. Nilikuwa naifundisha hiyo darasani kwa kicheko. Sokwe wangu alikuwa ile sifuri.

Kwa hiyo wewe uliyeniuliza mashine, nisikilize. Kaa kwenye kiti cha mshiriki wako. Namaanisha kukaa kweli, uzime taa kama unavyowazimia wao, ufanye majaribio yote 320 mpaka mgongo uume, siyo kubonyeza matano ukasema inafanya kazi. Mimi ningekaa dakika tano tu ningeona vinaruka. Nilikuwa nakaa upande wa pili wa meza naangalia namba zinavyoingia.

Halafu umkalishe mtu asiyejua unatafuta nini, umuulize alionaje, na akikwambia rahisi usitabasamu. Halafu ukae tena wewe.

Vijana wa siku hizi mnapenda vifaa, na nasema hivi nikijua mtanikasirikia. Mnataka kifaa cha kufuatilia macho kabla hamjajua swali lenu ni lipi. Simons na Levin mwaka 1998 walitumia ramani na mlango. Mtu anamsimamisha mpita njia kumuuliza njia, wanapita watu wamebeba mlango katikati yao, nyuma ya mlango muulizaji anabadilishana na mtu mwingine kabisa, na karibu nusu ya walioulizwa wakaendelea kuelekeza njia bila kugundua wanaongea na mtu mwingine. Mlango! Leo mtu ananiambia hawezi kuanza risechi kwa sababu hana bajeti ya kifaa. Hujakosa kifaa, umekosa kukaa kwenye kiti. Na ukipata data nzuri kuliko ulivyotarajia usiende kumwambia profesa, rudi kwenye kiti. Ukipata mbaya pia rudi. Mnakimbilia sana kusifiwa, nami nilikuwa hivyohivyo ndiyo maana najua.

Nilirudisha 900, nikakusanya upya, nikapata vitatu na kidogo kama binadamu wote, jarida lolote lisingeitaka hiyo. Ila ile pepa iliyokubaliwa juzi imetokana na hapo hapo. Nilianza kujiuliza kwa nini mtu hakioni kitu ambacho hategemei kukiona, nikaingia kwenye mambo ya kutafuta vitu adimu. Wolfe na wenzake walionyesha 2005 kwamba kitu kikiwepo kwenye nusu ya picha watu wanakikosa asilimia 7, kikiwepo kwenye asilimia 1 tu ya picha wanakikosa asilimia 30, kitu kilekile, macho yaleyale. Nimekaa humo miaka sita. Sehemu za katikati zinachosha, siwasimulii. Wahakiki wa majarida, wa mara ya kwanza waliniambia hakuna jipya, wa pili waliniambia sijaeleza vizuri, wa tatu wakauliza kama nililifanya jaribio mimi mwenyewe kabla ya kuanza, na hilo swali nililijibu kwa aya nzima, labda nilizidisha.

Lile faili la watu 36 sijalifuta, nimelipa jina jipya tu, linaitwa "sifuri". Kila mwaka nawawekea wanafunzi grafu yake bila kusema kitu, saba na nusu pale juu, naegemea ukuta nasubiri nani atauliza. Mwaka huu zilipita dakika 11.