Kabla ya kuomba uzamili wa kompyuta, ikague transkripti yako kozi kwa kozi

Wiki hii ametuandikia msomaji aliyemaliza shahada ya kwanza ya teknolojia ya habari hapa Tanzania. Ana GPA ya 3.6, na vyuo vitatu vya Ujerumani vimemkataa kwa mpigo. Anauliza kama GPA yake ni ndogo mno. Tunamjibu hadharani kwa sababu swali lake ni la wengi: hapana, GPA haikumwangusha. Kilichomwangusha ni kozi zilizomo ndani ya transkripti yake, na hapo ndipo waombaji wengi hawapatazami mpaka barua ya kukataliwa ifike.

Tuanze na hesabu, maana unaweza kuifanya mwenyewe sasa hivi. Vyuo vingi vya Ujerumani hubadili alama za nje kwa kanuni inayojulikana kama fomula ya Bavaria. Chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, toa alama uliyopata. Jibu ligawe kwa tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu. Zidisha kwa 3, jumlisha 1. Kwao 1.0 ndiyo bora, na 4.0 ni kufaulu kwa shida. Kwa GPA yetu, ambayo juu ni 5.0 na kufaulu ni 2.0, hesabu yote inageuka kuwa 6 toa GPA yako. Mwenye 3.6 anapata 2.4. Kikomo ambacho programu nyingi huweka ni 2.5, kwa hiyo huyu amepita. Mwenye 3.5, pale daraja la pili la juu linapoanzia, anakigusa kikomo chenyewe.

Mkenya anaumizwa zaidi na fomula hiyohiyo. Ukiweka 100 kuwa alama ya juu na 40 kuwa ya kufaulu, mwanafunzi mwenye wastani wa 70, yaani daraja la kwanza, anatoka na 2.5. Mwenye 65 anatoka na 2.75 na kuachwa nje, wakati kila anayevijua vyuo vya Kenya anajua 65 ni alama ya mtu aliyesoma kwelikweli. Dawa yake ni barua ya ofisi ya msajili inayoeleza mfumo wa madaraja na, ikiwezekana, nafasi yako katika darasa. Iombe mapema, maana ofisi hizo haziandiki barua kwa siku moja. Si kila chuo kitaizingatia, lakini asiyeipeleka amejinyima hoja yake ya pekee.

Sasa tuje kwenye kozi, kwenye kiini cha mambo. Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya huhesabu masomo kwa pointi za ECTS, 60 kwa mwaka. TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu Tanzania, huhesabu krediti 120 kwa mwaka, na shahada ya miaka 3 ina krediti 360. Kwa hiyo krediti 2 zetu ni sawa na ECTS 1. Programu ya uzamili haitazami jumla peke yake. Huwa na jedwali: kiasi fulani cha hisabati, kiasi cha nadharia ya kompyuta, kiasi cha uandishi wa programu na mifumo ya kompyuta. Chukua mfano wa chuo kinachodai ECTS 18 za hisabati. Mhitimu wa IT ana kozi ya hisabati ya jumla yenye krediti 8, takwimu krediti 8 na hisabati diskriti krediti 10. Jumla ni krediti 26, sawa na ECTS 13. Zimepungua 5. Faili linafungwa hapo, hata kama GPA ingekuwa 4.5. Mwenzake aliyesoma sayansi ya kompyuta, mwenye kalkulasi, aljebra ya mstari, uwezekano na nadharia ya otomata, anapita na GPA ya 3.6 ileile.

Shahada za IT nyingi zimejaa kozi za usimamizi wa mifumo, ujasiriamali, biashara mtandaoni na stadi za mawasiliano. Kazini zinafaa sana. Kwenye jedwali la uzamili wa sayansi ya kompyuta hazihesabiwi. Kwa hiyo chora jedwali lako kabla hujalipa ada yoyote: safu ya kwanza kozi, ya pili krediti, ya tatu ECTS, ya nne kundi inaloangukia. Kisha weka kando yake masharti ya programu unayoitaka. Jioni moja inatosha.

Mara nyingine kozi unayo, ila jina lake limeificha. Kozi inaitwa "Hisabati kwa IT", ndani yake kuna matriki, vekta na mifumo ya milinganyo, yaani sehemu kubwa ya aljebra ya mstari. Mkaguzi aliyeko Ulaya hawezi kujua hilo. Ndiyo maana vyuo huomba maelezo ya kozi, na hapa watu wengi hupeleka ukurasa mmoja wenye majina tu. Maelezo yanayosaidia yana jina na namba ya kozi, krediti, saa za mihadhara na za maabara, mada moja baada ya nyingine, kitabu kilichotumika na namna ya mtihani. Chukua mtaala wa mwaka uliosoma wewe, maana mitaala hubadilika na namba za kozi zikipishana na transkripti utaulizwa. Mkuu wa idara agonge muhuri kila ukurasa.

Kama pengo ni la kweli, usilifunike kwa barua tamu. Vyeti vya kozi fupi za mtandaoni kwa kawaida havihesabiwi kama ECTS. Njia zilizopo ni kutafuta programu za mifumo ya habari au mitandao, ambazo jedwali lake linafanana zaidi na ulichosoma, au kuanza uzamili nyumbani kwenye programu yenye kozi nzito za hisabati na algorithimu.

Na hapa tuseme wazi: kusoma nyumbani si kushindwa. Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha hufundisha uzamili na uzamivu peke yake, na kupitia kituo cha CENIT@EA ina uzamili wa mifumo pachikwa (kompyuta ndogo zinazowekwa ndani ya vifaa) na ya simu. Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Kijitonyama. Carnegie Mellon, chuo kikuu cha Marekani, ipo Kigali tangu 2011, inatoa shahada zake zenyewe za teknolojia ya habari, uhandisi wa umeme na kompyuta, na uhandisi wa akili mnemba. Ina ubia na Mastercard Foundation wa ufadhili, na Mtanzania au Mkenya huingia Rwanda bila viza. Vijana wetu huruka haya yote wakikimbilia jina la mji wa Ulaya, kisha miaka inapita hawajaanza popote. Tafadhali msifanye hivyo.

Yupo pia anayetaka kubaki kazini. Georgia Tech, chuo kikuu cha Marekani, ilianzisha uzamili wa sayansi ya kompyuta wa mtandaoni mwaka 2014: kozi 10, na gharama yote huzunguka dola 7,000 hivi, ukilipa kila muhula kwa kozi ulizochukua. Kuingia ni rahisi kuliko kutoka. Ndani ya miezi 12 ya kwanza lazima ufaulu kozi 2 za msingi kwa alama ya B au zaidi. Wanaokwama huwa wamechukua kozi 2 kwa pamoja huku wana kazi ya kutwa. Anza na moja. Angalizo kwa wenye shahada ya miaka 3: vyuo vingi vya Marekani hutaka miaka 4, hivyo uliza ofisi ya udahili kwa maandishi kabla hujalipa ada ya maombi.

Barua za walimu. Mfumo hutuma kiungo moja kwa moja kwa mwalimu, na vyuo vingi hukataa anwani ya Gmail. Hakikisha anwani ya chuo ya mwalimu wako inafanya kazi. Mara nyingi sanduku limejaa au ujumbe umeingia kwenye taka, na mwombaji anadhani mwalimu amemtupa. Mpe wiki 4 hadi 6, pamoja na transkripti, muhtasari wa mradi wako wa mwisho na tarehe ya mwisho. Barua isemayo "ni kijana mwenye bidii na nidhamu" haina uzito. Yenye uzito inasema ulikuwa wa 3 kati ya 120 kwenye algorithimu, na kwamba mradi wako ulipunguza muda wa kujibu wa kanzidata fulani kwa kiasi fulani. Mwalimu hakumbuki mambo hayo, mkumbushe kwa heshima.

Kumwandikia profesa wa Ujerumani akupe nafasi ya uzamili ni kupoteza muda, kwa kuwa uamuzi ni wa kamati. Kwa uzamivu ni kinyume chake: pale profesa ndiye mwenye fedha na nafasi. Msome kwanza kwenye DBLP, orodha ya mtandaoni ya machapisho ya sayansi ya kompyuta, uone alichochapisha miaka 2 iliyopita, kisha andika barua fupi inayotaja kazi moja tu na swali moja la kweli kuhusu kazi hiyo.

Fedha za Ujerumani, kwa ufupi. uni-assist, shirika linalopokea na kukagua maombi kwa niaba ya vyuo vingi, hutoza euro 75 kwa programu ya kwanza unayoomba na 30 kwa kila inayofuata muhula uleule. Vyuo vingi vya umma havitozi karo, ila jimbo la Baden-Württemberg hutoza wasio wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na chuo cha TUM kule München tangu msimu wa baridi wa 2024/25 hutoza 4,000 au 6,000 kwa muhula kwa uzamili. Viza nayo inataka ushahidi wa kujikimu: euro 11,904 kwa mwaka kwenye akaunti maalumu, unazitoa 992 kila mwezi, au barua ya ufadhili, au mtu anayeishi kule atie saini hati ya kuwajibika kwako. Fedha hizo zinatakiwa zikamilike kabla ya viza, na hapo ndipo waliokwisha kupata nafasi hukwama.

Msimu wa baridi huanza Oktoba. Tarehe 15 Julai ni ukomo wa kawaida, lakini programu nyingi za Kiingereza hufunga mapema zaidi, nyingine Machi. Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka 2, basi usiifanye mapema mno.

Mwisho, kwa atakayerudi kutafuta kazi ya serikali au ya kufundisha chuoni: shahada ya nje hupelekwa TCU kutambuliwa. Waulize kabla hujaanza, hasa kwa shahada za mtandaoni, na tunza barua ya udahili, transkripti halisi na kurasa za pasipoti zenye mihuri.