Mtoto hana kine, nani nimuulize?

Swali (mama wa Katuba, Lubumbashi): Mtoto wangu ana miaka 9, hatembei tangu azaliwe. Kila nikienda kwa sante (kituo cha afya) wananiambia kine, yule wa mazoezi ya viungo, hayuko, mambo ya wenye ulemavu eti "iko kwenye programu". Kuna papa mmoja anataka dola 50 aniandikie barua kwa waziri. Nimpe?

Jibu: Hapana mama, usimpe hata faranga. Hao makomisyonere wa ulemavu, yaani madalali, wamenichosha kweli, kila mara nakuta mzazi amelipia barua ya kwenda Kinshasa, kumbe jambo lake linaanzia hapa hapa kwa zoni ya afya.

Sheria ya haki za wenye ulemavu iko, namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, na ni nzuri, ila watu wanafikiri ikishatoka basi huduma inakuja yenyewe. Haiji! Kila zoni ya afya inaandika plani yake ya mwaka, ile PAO, inaipeleka kwa divizyo ya afya ya provensi, na kitu kisicho na mstari mule ndani huna wa kumdai. Hata mstari ukiwepo soma mpaka mwisho: utakuta "huduma kwa wenye ulemavu", halafu kwenye kolone ya pesa wameandika "inatafutwa". Hapo hakuna kitu, wamejaza karatasi tu.

Anza na kodesa, komite ya afya ya eneo lenu, wale ni majirani zako. Waulize marele, wale wa kujitolea wa afya waliopita nyumba kwa nyumba, walihesabu wenye ulemavu wangapi, mstari wao uko wapi, pesa ngapi, nani anaufuata. Kisha andika kwa doktere mkuu wa zoni, kopi kwa divizyo, na kopi yako ipigwe kashe (mhuri) na tarehe, bila kashe watakuambia hawajaona barua yoyote.

Na nyinyi wote mkisikia sherehe ya kugawa viti vya magurudumu msikimbilie. Mtoto ambaye mgongo haujikazi ukimkalisha kwenye kiti cha mtu mzima anaweza kupinda zaidi, na mpira ukipasuka nani anatengeneza? Wakubwa wanapiga picha, halafu mwaka mzima ile picha njo jibu lao kila mkiuliza. Tena kuna vyama vinapitisha liste tupu, mnasaini, mnapewa soda, kesho ile liste inaonyesha eti wazazi walishauriwa juu ya plani. Kama juu ya karatasi hakuna jina la mkutano na tarehe, usisaini.