Kapigwa mionzi wiki ya pili, mbona uvimbe bado upo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama ana kansa ya mlango wa kizazi, anapigwa mionzi pale Ocean Road, Dar, hii ni wiki ya pili anaenda kila siku kasoro wikiendi, lakini uvimbe bado upo. Jirani yetu mwenye kansa ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, yeye kapewa dawa ya mionzi kameza basi. Kwani mionzi iko mingapi? Na ya mama inafanya kazi kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Inafanya kazi, ila wiki ya pili bado mapema sana. Wengi wanadhani mionzi inaunguza uvimbe palepale, hapana, inachofanya ni kukata DNA, yaani nyuzi zenye maelekezo ya uhai ndani ya seli, na seli iliyokatwa hivo inaweza kukaa siku kadhaa hata wiki kama vile haijaguswa, balaa linaanza ikitaka kugawanyika maana kromosomu, yaani vifurushi vya hiyo DNA, zimekatika na zingine zimeungana hovyo, inajaribu mara ya kwanza, ya pili, inashindwa, inakufa. Limfoma, kansa ya mfumo wa limfu, hunywea haraka kwa sababu seli zake nyingi zinajiua zenyewe ndani ya masaa. Kwa mama ni tofauti, virusi vya HPV vinavyoleta kansa yake huharibu protini ya p53, na hiyo ndo inayoamrisha seli ijiue.

Sasa aina. Mashine ya kobalti inatoa gama, ile ya linaki, inayotumia umeme, inatoa eksirei, kazi yao moja: zinapenya ndani sana na madhara mengi yanapitia kwenye maji ya seli, maji yanavunjika yanatoa kemikali kali zinazoishambulia DNA. Oksijeni ikiwepo jeraha halirekebishiki kirahisi, na damu ndo inayobeba oksijeni, ndo maana mama anapimwa wingi wa damu, ikishuka sana wanaweza kumwongeza, msione wanamsumbua bure.

Jirani yenu kameza aidini-131, aidini yenye mionzi. Thairoidi yenyewe huivuta, halafu ikishafika inatoa beta, elektroni zinazosafiri milimita chache tu. Kuna na alfa, kama ya radiamu-223 wanayochomwa baadhi ya wagonjwa wa kansa ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa, chembe nzito hiyo, haifiki hata milimita moja lakini inapopita inakata nyuzi zote mbili za DNA sehemu nyingi kwa pamoja, seli haina pa kuanzia kurekebisha, oksijeni iwepo isiwepo. Kwa ukali wa kuua seli mojamoja mi naipa alfa namba moja, ila uvimbe mkubwa kama wa mama unahitaji kitu kinachopenya.

Mama asiruke siku hata akijiona nafuu, seli zilizobaki zinapata nafasi ya kuzaana. Damu ikimtoka nyingi au akiharisha sana awaambie siku hiyohiyo. Na wajukuu wamkumbatie tu, mionzi ya mashine haibaki mwilini. Jirani ndo akae mbali kidogo na watoto na wajawazito kwa muda alioambiwa hospitali.