Askari akilalamikiwa: maswali yenu kuhusu uchunguzi wa polisi nchini Kenya

Mwanangu alipigwa akiwa korokoroni. Nilipoenda kulalamika, OCS (mkuu wa kituo) aliniambia nirudi nyumbani, "tutalimaliza hapa ndani." Nifanye nini? (Mama, Kayole)

Pole sana, mama. Usikubali limalizwe huko ndani. Mpeleke kijana hospitali leo, kabla alama hazijafifia, daktari aandike alichokiona na fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, ijazwe. Kisha andika jina la kituo, tarehe, saa, na nambari ya askari au ya gari kama mliiona.

Malalamiko yako yana pa kwenda pawili. Kuna Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi wenyewe, ambacho sheria ya polisi ya 2011 inakitaka kiwe na ofisi zake kando na kiripoti moja kwa moja kwa Inspekta Jenerali. Na kuna IPOA, mamlaka ya kiraia isiyo chini ya polisi. Ningekuwa wewe ningepeleka kote kuwili, na kila nikikabidhi barua nibaki na nakala iliyopigwa muhuri. IPOA wana uwezo wa kuuchukua uchunguzi wa ndani ukicheleweshwa kupita kiasi. Na kumpiga mahabusu si utovu wa nidhamu tu. Katiba, kifungu cha 25, inakataza mateso bila kuacha mwanya wowote, na askari anayetesa anaweza kufungwa hadi miaka 25.

Mimi ni konstebo. Nimeitwa nikaandikishe taarifa kuhusu risasi niliyofyatua. Nikinyamaza nitafutwa kazi? (Afande, Nakuru)

Afande, hapo pana mambo mawili, na wanaokuita huenda wakayachanganya. La kwanza ni la kikazi. Jedwali la Sita la sheria ya polisi linakulazimu kumripotia mkubwa wako ukitumia bunduki, na mtu akifa au kuumia vibaya, IPOA lazima ijulishwe. Hilo huwezi kulikwepa.

La pili ni jinai. Ukikamatwa kwa kushukiwa kuua, wewe ni mshukiwa kama raia mwingine yeyote: kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kunyamaza, ya kuwa na wakili, na ya kutolazimishwa kukiri jambo litakalotumiwa dhidi yako. Kwa hiyo kabla hujaketi, uliza kwa maandishi: naitwa kwa nidhamu au kwa jinai? Nenda na wakili. Na kifungu cha 236 kinasema afisa wa umma hafutwi wala hashushwi cheo bila utaratibu wa sheria kufuatwa.

Najua wapo watakaoudhika kuona namweleza askari haki zake. Wafikirie kifungu cha 50(4): ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki hutupwa nje ikiwa kuupokea kutaiharibu kesi. Ungamo lililokamuliwa kwa vitisho ofisini laweza kumwachilia muuaji, na familia ya marehemu ikaondoka mahakamani mikono mitupu.

Na kama niliamriwa na mkubwa? (ameongeza afande huyohuyo)

Haikuokoi. Jedwali hilohilo linasema amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria.

Nina ushahidi lakini naogopa watanifuata. (Msomaji, Machakos)

Hofu yako ina msingi. Mwaka wa 2015 mwendesha bodaboda mmoja alipigwa risasi na polisi wa utawala, akalalamika kwa IPOA. Juni 2016, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wao wa teksi walitekwa walipotoka mahakamani Mavoko. Walifungiwa katika kambi ya polisi Syokimau, na kutoka seli hiyo karatasi ya chooni iliyoandikwa ombi la msaada ikarushwa nje. Miili yao ilipatikana mtoni. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia maafisa watatu na raia mmoja, na Februari 2023 afisa mmoja akahukumiwa kifo.

Kwa hiyo usiende peke yako. Pitia kwa wakili au shirika la haki za binadamu, weka nakala za ushahidi nje ya nyumba yako, na uombe mapema ulinzi wa mashahidi, ambao una sheria yake tangu 2006. Usitie saini "maelewano" yoyote kituoni.

Nimeambiwa ripoti ya uchunguzi ni siri.

Omba kwa barua ukitaja kifungu cha 35 cha Katiba. Sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Majina ya mashahidi yanaweza kufichwa, ila jibu lazima upewe. Wakikunyima, nenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kitengo cha Masuala ya Ndani kilimwondolea askari lawama. Ndiyo basi? (Kisumu)

La. Uamuzi wa nidhamu haumfungi Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, wala haumfungi jaji. Unaweza kwenda Mahakama Kuu kwa kifungu cha 22 cha Katiba kudai haki zako, na cha 23 kinairuhusu kukuamulia fidia. Karani akikudai ada ya kufungua kesi hiyo, mwonyeshe 22(3)(c). Wewe wa Kisumu unaikumbuka kesi ya Baby Pendo, mtoto wa miezi sita aliyefariki polisi walipovamia nyumba za Nyalenda Agosti 2017. Mashtaka yaliidhinishwa Oktoba 2022, na yalifika huko kwa sababu familia na mawakili hawakuacha kuidai kesi hiyo.