Mnara wa Kanisa: Maswali ya Wasomaji

Tumsifu Yesu Kristo. Jirani yangu Mwislamu kaniuliza mnara wa kanisa letu una maana gani, nami nikamjibu ni urembo tu. Tangu siku hiyo roho hainitulii. Ningejibu nini? (Msomaji, Kikwajuni)

Milele, amina. Hukumdanganya, ila ulimpa nusu ya jibu. Hakuna aya inayoamuru kanisa liwe na mnara, na Wakristo wa karne za mwanzo walisali bila huo. Minara ilikuja baadaye, kwa haja ya kutundika kengele mahali sauti itakapofika mbali.

Ungeweza kuanza na neno lenyewe, maana ni lenu nyote wawili. "Mnara" asili yake ni Kiarabu, na maana yake mahali pa mwanga. Ndiyo sababu tunalitumia kwa msikiti, kwa kanisa na kwa ile taa ya Ras Kigomasha inayoongoza vyombo.

Halafu fungua Mithali 18:10: "Jina la BWANA ni ngome imara, mwenye haki huikimbilia, akawa salama." Hapo penye "ngome", Kiebrania kina neno migdal, na ndilo hilohilo lililotumika kwa mnara wa Babeli katika Mwanzo 11:4, pale watu waliposema "tujifanyie jina". Neno moja, minara miwili: mmoja watu wanakimbilia Jina la Mungu, mwingine wanatafuta jina lao. Kila mnara wa kanisa una hatari ya kuwa ule wa pili, hasa parokia zikianza kushindana nani kamzidi nani kwa futi.

Tazama mnara wa Mkunazini, wa kanisa kuu la Anglikana hapa Unguja. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa hapohapo Krismasi ya mwaka huo. Ibada ya kwanza ilikuwa Krismasi ya 1877. Saa ya mnara ilitolewa na Sultani Barghash, na masimulizi ya mji yanasema aliweka sharti mnara usiipite Beit al-Ajaib, jumba lake la kifalme, kwa urefu. Mkristo anayepita hapo akainua macho anaona msalaba juu ya uwanja ambapo binadamu walitiwa bei. Hilo ndilo la kumwambia jirani.

Nimekabidhiwa kengele ya kanisa letu. Mzee aliyekuwa akiigonga kafariki bila kunifundisha. Kengele ya sala ya Malaika wa Bwana inagongwa vipi? Na kwa nini kengele inatoa sauti ya sufuria? (Kijana, Mji Mkongwe)

Malaika wa Bwana ni mara tatu kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni. Gonga tatu, nyamaza, tatu, nyamaza, tatu, nyamaza, kisha tisa mfululizo. Ule ukimya kati ya tatu na tatu ndio watu wanapougeuza kuwa sala, kwa hiyo usiubane. Kipimo rahisi: isome Salamu Maria moja nzima kimoyomoyo, bila haraka, ndipo uvute tena. Ya msiba ni pigo mojamoja, uiache sauti ife kabisa kabla ya jingine.

Sasa hiyo sauti ya sufuria. Kabla hujalaumu kengele, tazama mkono wako. Kamba ya ulimi, kile chuma cha ndani kinachoipiga kengele, huvutwa ikaachiwa papo hapo. Ukiishikilia, ulimi unabaki umeegemea mdomo wa kengele wakati shaba bado inatetemeka. Sauti inakatika, na siku moja kengele inapasuka. Kengele nyingi ni shaba na bati, kadiri ya sehemu 78 kwa 22, mchanganyiko unaolia vizuri lakini mkavu, haupindi. Pitisha ukucha mdomoni kuzunguka kutafuta ufa. Ukiupata, acha kugonga, na usimwite fundi wa geti akauchomelea: ule moto wa mahali pamoja huzidisha ufa. Kama hakuna ufa, tazama pale ulimi unapopiga. Pakiwa pameliwa, kengele hugeuzwa robo mzunguko ili ulimi upige mahali pazima.

Mnara wetu wa mawe na chokaa una nyufa na plasta inabambuka. Kamati inataka kupiga saruji kote kabla ya masika. (Mjumbe wa kamati, Unguja)

Msifanye hivyo. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya maji na kuyatoa. Saruji inayafungia ndani, chumvi inajikusanya nyuma yake, na baada ya misimu michache plasta inaanguka na uso wa jiwe. Tumieni chokaa iliyolowekwa vizuri, sehemu 1 kwa mchanga 3 uliooshwa, usio wa pwani. Lowesheni ukuta kwanza, pigeni tabaka nyembamba, na likingeni jua.

Ila ufa wenyewe uulizwe kabla ya kuzibwa. Bandikeni kipande chembamba cha jasi juu yake, mwandike tarehe. Kikikatika, ukuta bado unatembea, na hapo ni kazi ya mhandisi. Kikibaki kizima msimu mzima wa mvua, zibeni. Mara nyingi mkosaji ni chuma kilichofukiwa ndani: kikishika kutu huvimba na kupasua jiwe. Mwingine ni mtini mwitu uliopandwa na ndege. Msiung'oe kwa nguvu, utatoka na mawe. Ukateni, ueni mzizi, ndipo mjaze. Mkiwa juu, fuateni waya wa kuzuia radi mpaka ardhini, maana viungo huachana kimyakimya. Na kama mpo Mji Mkongwe, ombeni kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kuweka jukwaa.

Sisi Pemba tunasalia kwenye jengo la bati lisilo na mnara. Je, ni kanisa kamili? (Msomaji, Chake Chake)

Kamili. Kisiwani kwenu hapohapo Marafiki, wale waitwao pia Wakwekeri, walianza misheni 1897, mwaka ambao sheria ilifuta utumwa Unguja na Pemba. George Fox, aliyewaanzisha Uingereza karne ya 17, aliyaita majengo ya ibada "nyumba za minara" kwa kejeli, maana kwake kanisa ni watu, si jengo. Alikaza kamba kupita kiasi, lakini kwa swali lako yuko sahihi. Mkipata fedha, anzeni na mfereji wa maji ya mvua.