Enzaimu nimeweka, mbona gharama imepanda?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina kuku wa mayai kama 300 hapa Kihonda, Morogoro, chakula nachanganya mwenyewe: mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, soya, dagaa, chokaa na DCP (unga wa madini ya fosforasi na kalsiamu) kilo 3 kwa kila kilo 200. Duka la pembejeo wameniuzia enzaimu ya kusaidia kuku kusaga chakula, paketi inasema gramu 100 kwa tani, wakasema niongezee tu juu ya mchanganyiko wangu wa siku zote na gharama itashuka. Mbona imepanda? Na kinyesi bado majimaji.

JIBU: Marahaba. Imepanda kwasababu unalipia fosforasi mara mbili. Geuza paketi usome, kama ni enzaimu aina ya faitase basi kazi yake ni hii: kwenye mahindi, pumba na mashudu karibu theluthi mbili ya fosforasi imefungwa, kuku hawezi kuifungua mwenyewe inaishia kwenye kinyesi, ndio maana tunanunua DCP. Faitase inaifungua. Sasa umeiweka halafu DCP umeiacha vilevile, hapo faida itoke wapi? Faitase ya kipimo cha kawaida inafungua kama gramu 1 ya fosforasi kwa kilo ya chakula, kwahiyo kwenye kilo 200 shusha DCP kutoka kilo 3 mpaka 2, hapo ndio pesa inarudi. Chokaa usiiguse bila ushauri, ganda la yai linaitegemea.

Kuchanganya ndio wengi wanaharibu. Kilo 200 zinataka gramu 20 tu, ukizimwaga kwenye rundo na kupiga chepe kuku mmoja atakula zote wenzake wakose. Pima kwa mzani mdogo, changanya na kilo 1 ya unga wa mahindi, hiyo changanya na kilo 10 za pumba, ndio umwage kwenye turubai na vingine. Na usiweke kwenye uji wa moto jamani, moto unaua enzaimu.

Kinyesi majimaji faitase haihusiki. Enzaimu ya kusaidia hapo ni zailanase, tena hasa kwa anayelisha ngano, wewe unalisha mahindi. Mimi ningeanza na dagaa, onja kwa ulimi, wakiwa wa chumvi kuku watakunywa maji kupita kiasi. Ukiona damu kwenye kinyesi hiyo yaweza kuwa koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, muite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.

Paketi ikishafunguliwa ifunge vizuri, weka pakavu mbali na jua, sio juu ya bati la banda.