Re: Bati la mita 10 kwa 8 Dodoma, maji ya mvua yatatosha watu watano?

Mkuu, maji yapo, shida itakuwa pa kuyaweka. Pima eneo la bati kwa chini, usifuate mteremko: 10 × 8 ni mita za mraba 80. Dodoma chukulia milimita 550 kwa mwaka, toa asilimia 20 ya kumwagika na kukauka: 80 × 550 × 0.8 = lita 35,200. Watu watano kwa lita 20 kila mmoja ni lita 100 kwa siku, 36,500 kwa mwaka. Karibu inalingana, ila piga hesabu pia kwa mwaka mbaya wa milimita 400: lita 25,600 tu.

Sasa tangi. Kiangazi cha huko ni kama siku 210, yaani lita 21,000. Wengi hununua la 5,000, likaisha siku ya 50 na boza likarudi.

Maji ya kwanza yamwage, angalau lita 40 kwa bati hilo; vumbi na kinyesi cha ndege hutoka nayo. Ukitaka kuyanasa kwa bomba la inchi 4, hubeba lita 8 hivi kwa mita, yaani utahitaji mita 5, kwa hiyo pipa dogo ni nafuu zaidi. Gata (mifereji ya kukinga maji ya bati) ziteremke sentimita 1 kwa kila mita.